Mama Alipohama Kwenye Sinia

Mwaka 1989, nikiwa na miaka kumi na miwili, mama alihama kwenye sinia. Shida zangu zilianzia hapo. Baba alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, lakini kifo cha baba nilikielewa: mtu kaugua kifua, kafa, tumemzika. Hili la mama kuhama kwenye sinia sikulielewa, na nisiwadanganye, mpaka leo sijalielewa vizuri.

Ninyi wa rika langu mnajua sinia ni nini. Watoto wa siku hizi ukiwaambia sinia wanadhani ni trei ya kubebea soda. Sisi sinia ndiyo ilikuwa nyumba yenyewe. Ugali katikati unatoa moshi, mlenda pembeni, dagaa wawili watatu wa kugombania, na mikono yote inaingia humo. Mdogo wangu Tatu alikuwa na miaka saba, mkono wake mdogo lakini una mbio kama panya. Mama alikuwa akimpiga kofi la mkono, paa, "Subiri wakubwa waanze!" Kisha yeye mwenyewe anamsukumia dagaa upande wake akidhani hatumwoni.

Tulikuwa Mikumi, barabarani. Baba alikuwa mtu wa gengi la kutengeneza reli, na alipokufa mama akafungua kibanda cha chakula pale malori ya Zambia yanapopumzika. Enzi za ruksa hizo, serikali imefungulia biashara. Ghafla vitu vikaingia: mitumba, sabuni za kunukia, rangi ya kucha. Jamani, rangi ya kucha! Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni ya mche tulidhani dunia imeisha shida. Nyani walikuwa wanashuka barabarani kuiba vitumbua vya mama, na kazi yangu na Tatu ilikuwa kuwafukuza kwa mawe. Asubuhi mchakamchaka shuleni, pekupeku, umande mpaka magotini. Jioni tunacheza rede kwa mpira wa soksi mpaka mama aite. Akiita mara moja, unakwenda. Wajukuu zangu mimi nawaita mara sita, wananijibu, "Bibi, namalizia geimu."

Basi siku moja mama aliita, tukanawa, tukakaa. Yeye hakukaa. Alichota ugali wake kwenye bakuli la bati, lile la maua ya kijani, akaenda kukaa peke yake kizingitini. Nikaliangalia lile bakuli. Ukingoni kulikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu.

"Mama, mbona uko huko?"

"Kuleni."

"Lakini mama—"

"Wewe Hawa, kula. Na bakuli hili msiliguse. Nitaliosha mwenyewe."

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini ujinga sikuwa nao. Kwetu mtu anayekula peke yake ana jina moja tu: mchoyo. Nikajua mama ana nyama mle ndani. Madereva walikuwa wakimwachia vipande, mimi nilikuwa naviona.

Lakini kilichonichanganya ni hiki. Jumapili mama alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka, kama siku zote. "Tulia, unatikisa kichwa kama mbuzi." Vidole vyake kichwani mwangu, pumzi yake shingoni, kikohozi chake mgongoni mwangu. Tulilala naye chumba kimoja, kitanda kimoja, Tatu katikati. Sasa mkono ule ule unaonisuka ndio haufai kuchota ugali pamoja na wangu? Nilijaribu kila mbinu arudi. Nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko, labda ananiona mchafu. Niliacha kugombania dagaa. Nilimwambia Tatu aache kulamba vidole. Mama alikaa kizingitini vile vile, kila siku, na kila wiki alikuwa anapungua. Mchoyo gani anakula peke yake halafu anakonda? Hilo nalo sikulielewa.

Siku moja alikwenda bombani kuchota maji, akaacha bakuli limefunikwa. Nikafunua. Hakukuwa na nyama. Kulikuwa na ugali na mlenda, kama wetu. Nikaona sawa, hata mlenda wa mama ni wa mama, nikamega tonge, nikameza. Nikamega la pili. Mama akatokea mlangoni na ndoo.

Ndoo ilianguka. Sijawahi kumwona mama akikimbia vile, na ule ugonjwa wake. Alinishika shingo, akanitia vidole kooni. "Tapika! Tapika, mwanangu, tapika!" Analia, ananipiga mgongoni. Nikatapika pale pale kwenye maji yaliyomwagika. Na mimi nikiwa nimeinama, machozi na makamasi, nikawaza jambo moja tu: huyu mwanamke ni mchoyo kiasi kwamba anataka matonge yake mawili yarudi.

Nikamwambia. "Mama, wewe mchoyo."

Alikaa chini kwenye matope. Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Haya," akasema. "Mama yako mchoyo. Cha mchoyo hakiguswi. Umesikia?"

Nilisikia. Kuanzia hapo hakupika tena chakula chetu, nilipika mimi. Nilijifunza kupika kwa hasira. Kila ugali niliousonga nilikuwa nausonga kumwonyesha mama kwamba simhitaji, na ulikuwa unaiva vizuri kweli. Kibanda nacho kilikuwa kimeanza kufa, madereva wanampita wanakwenda kunywa chai kwa jirani. Wananong'ona. Sisi watoto tuliambiwa kalogwa, tukaambiwa ni kifua, tukaambiwa ni ule ugonjwa wa barabarani. Kila mtu mzima alikuwa na jibu lake.

Shangazi yetu, dada wa baba, alikuja kutuchukua twende kwake Chanzuru, karibu na Kilosa. Tulipanda treni ya Kilosa. Mama alifika stesheni kwa kushikiliwa, akanikabidhi sinia imefungwa kwenye kanga. "Chukua, mle na wenzenu. Mimi bakuli linanitosha." Alimkumbatia Tatu. Alinikumbatia mimi, nikajikaza kama mti. Nilikuwa bado nimemnunia.

Habari ya msiba ilikuja na kiberenge cha reli, kabla mahindi tuliyoyakuta mabichi kwa Shangazi hayajakauka. Tulipokwenda kuzika, Shangazi akakusanya vyombo vya mama kuvitupa shimoni. Bakuli nikaliiba, nikalificha ndani ya gauni. Msiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka nile cha mchoyo na pasiwepo wa kunitapisha.

Miaka ikapita. Nikauza uji, nikauza maandazi, nikapata tenda ya kupika kwenye semina pale Kilosa, ya wahudumu wanaotembelea wagonjwa majumbani. Wakati huo dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilikuwa zimeanza kutolewa bure. Nimesimama mlangoni na sufuria la wali, nikamsikia nesi anasema: virusi haviambukizwi kwa kula pamoja.

Nikaweka sufuria chini. "Sista, samahani. Hata sahani moja?"

"Hata sahani moja, mama."

"Hata bakuli lake mwenyewe? Tonge lake?"

"Hata tonge lake."

Watu wakaanza kucheka, mama wali ana maswali. Nikaongeza, "Na kama anakohoa?"

"Kama ana kifua kikuu hilo ni jambo lingine, na lina dawa. Lakini hicho nacho kinakwenda kwa hewa, mnapolala chumba kimoja kilichofungwa. Hakipiti kwenye bakuli."

Nilipakua wali siku hiyo sijui nampakulia nani. Kwa hiyo mama alitufukuza pasipo na hatari, akatulaza penye hatari. Alikula peke yake siku zote zile, akakubali kuitwa mchoyo na mwanawe, bure. Nani alimwambia? Wanawake wa bombani? Au aliwaza mwenyewe? Nimkasirikie nani? Hakukuwa na mtu aliyejua, na walionong'ona nao waliogopa kama yeye. Nimejaribu kuwakasirikia wote kwa zamu, hasira haikai.

Nikajiunga na wale wahudumu. Nilikuwa nabeba chakula kwa baiskeli mpaka Kisanga, naingia kwa mgonjwa, naweka sahani katikati, nakula naye. Wakasema nina huruma. Sina huruma mimi, nilikuwa nabishana na mama. Wengine walikuwa wananizuia: "Mama, usile changu." Nawaambia, "Nyamaza, mchoyo wewe, sogea."

Leo mgahawani kwangu Mikumi yupo binti anaitwa Neema. Anatumia dawa, na hamfichi mtu. Simu yake inalia muziki katikati ya kazi, anapaza sauti mbele ya wateja, "Bibi, nameza mara moja!" kama anakwenda kunywa maji. Kisha analalamika kidonge kikubwa. Kikubwa! Ningemjibu lakini namwacha. Juzi nimekaa na sahani yangu, akapita akachomoa nyama akatia mdomoni.

"We mtoto, huna adabu?"

"Bibi, ulikuwa unamwekea nani? Acha uchoyo."

Nilicheka mpaka nikalia, akadhani pilipili.

Enzi zetu tulikuwa na sinia, dawa hakuna. Leo dawa zipo, lakini kila mtoto ana sahani yake na simu yake, anakula amegeuka ukutani, hakuna aliyemkataza kukaa na wenzake. Sijui kipi kibaya zaidi. Ningekuwa nimesoma labda ningejua.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne, Mikumi. Mgahawa. Mashine moja ya kusaga, Chanzuru, anaiendesha Tatu. Shamba la mahindi na ufuta. Baiskeli ile ile. Sinia ya mama, imechakaa, tunakula humo Ijumaa na simu zinakaa kabatini. Na bakuli la bati la maua ya kijani. Tone la rangi bado lipo. Linakaa na mabakuli mengine, na anayewahi kulichukua ndiye anayekula humo.