Pua ya Gari la Kaka

Mtaani kwetu fundi rangi mmoja aliitwa Daktari wa Mikweche. Gari liwe kuukuu namna gani, aliitazama pua yake tu akakutajia aina na miaka yake.

Kaka yake alipofariki aliacha gari bovu uani. Mjane akamwita alitazame. Siku hiyo fundi alikuwa na haraka. Aliiangalia pua, akasema, "Shemeji, magari haya yalikuwa ya kubebea barua, yamejaa kila mji. Kata tu." Mchomeleaji akalikata, paa na milango vikawa banda la kuku.

Baadaye fundi alikwenda kulipaka banda rangi. Alipoukwangua mlango aliona bawaba zake ziko upande wa nyuma. Magari ya barua hayakuwa na milango ya namna ile; alikuwa ameiona kwenye picha za magari adimu tu. Ndipo akaelewa kwamba kaka yake aliwahi kupata ajali, akabandika pua ya gari la barua.

"Mbona umeacha kukwangua? Kuku wamekutisha?" shemeji alimtania.

Fundi aliweka brashi chini. "Shemeji, nilikudanganya bila kujua. Gari lile lilikuwa adimu sana. Ningeitazama milango tu, lingekuwa zima hadi leo."

Shemeji aliugusa ule mlango. "Kaka yako aliniambia kila siku kwamba hakuna jingine kama lile," alisema. "Nikawa namcheka. Hata akiwa kitandani anaumwa, nilimcheka."

Fundi alimsogezea debe. Waliketi juu ya madebe ya rangi, na banda halikupakwa siku ile.