Uchafu Uliohamishwa Si Usafi

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nikiwa msichana wa kulima kabichi na shangazi yangu Skolastika kule Kasense, pembezoni mwa Sumbawanga. Vyoo vya mjini Sumbawanga vilikuwa vimejaa hadi vinafurika, ndipo ikaja kampuni ya mtu binafsi na gari la kunyonya maji taka. Tulishangilia. Nani asingeshangilia?

Asubuhi hiyo tulipofika shambani tulilikuta gari lile lile kando ya kijito, bomba lake limetumbukizwa majini, linamwaga. Katika kijito hicho ndimo tulimokuwa tukichota maji ya kunywa. Nyumbani tulikuwa tumemwacha mjukuu wa shangazi anaharisha, na hatukujua kwa nini. Pale tukajua.

Dereva alisema mabwawa ya maji taka yako mbali na barabara ni tope. Akatuma mtu kumwita mwenye kampuni, naye akaja. Hata shikamoo hakumpa shangazi.

"Mji ulikuwa unanuka, sasa haunuki," alisema. "Mnataka nini tena?"

Shangazi akachota maji ya kijito kwa kopo, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. "Karibu unywe, baba."

Yule bwana akalitazama kopo, akarudi nyuma.

"Kumbe unajua," shangazi akasema.

Akakaa chini mbele ya gari, kwenye tope, nami na wanawake wa mashamba ya jirani tukakaa naye. Gari halikutoka mpaka mwenyekiti wa mtaa alipofika, na bwana yule akaahidi mbele ya watu kumwaga mabwawani. Alitimiza, maana tulimlinda kwa macho. Lakini yule mjukuu tulimzika wiki ile. Mpaka leo nikikumbuka lile "mnataka nini tena", damu inanichemka. Uzee haujaipoza.

Sasa wewe na wenzako mmenunua gari kama lile, na manispaa imewapa kazi. Sikukatazi. Biashara si dhambi, na choo hakijitapishi chenyewe. Toza haki yako. Lakini mchuma janga hula na wa kwao: ukiutoa uchafu kwa tajiri ukaumwaga kwa mkulima, hujasafisha kitu. Fika mabwawani hata kama mvua inanyesha. Na mwenzako akitaka kumwaga njiani, mkemee hadharani, usimfichie.

Mungu akupe riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, mwanangu, na kila mtaa utakaopita, watu wakuitikie salamu kwa moyo mweupe.