Mispa ya Mama

Juzi nilipita karibu na duka la wanunuzi wa kakao hapa Butembo. Mbegu zilikuwa zimeanikwa juani kwenye maturubai, na harufu yake ya uchachu ikanifikia njiani. Nguo za mama zilinuka hivyo. Nami, mtu mzima mwenye watoto, nikasimama kando ya njia nikalia, wapita njia wakidhani nimefiwa asubuhi ileile.

Mama alikuwa na shamba la kakao upande wa Mabalako. Vita vilipotufukuza tulikimbilia Mususa, kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Nilikuwa darasa la pili. Baada ya muda mama akaamua kurudi peke yake kuvuna, kwani hatukuwa na kitu. Siku ya kuondoka aliokota mawe uani, akayarundika karibu na ukuta wa jikoni. Akapika maharage, yeye na shangazi wakala sahani moja kando ya rundo lile, bila kutazamana. Kisha mama akaweka kiganja juu ya mawe.

"Hapa ni Mispa," akasema. "Mungu achunge hapa katikati, wakati hatuonane."

Mama aliimba kwaya, na majina ya Biblia yalimtoka kama majina ya majirani. Alikuwa amekwisha kunieleza kwamba Mispa ni neno la Waebrania, maana yake mahali pa kulinda; kwamba Yakobo na mkwewe Labani walirundika mawe pale, wakala, ndipo kila mmoja akashika njia yake. Basi nikajua mawe yale ni yangu na mama. Kila jioni niliketi hapo nikiyasimulia habari za shule, moshi wa mikaratusi ukiniwasha macho. Mama hakurudi. Msimu ule watu waliuawa mashambani, naye akiwemo. Nikaendelea kuyasimulia mawe, maana sikuwa na mwingine.

Shangazi hakunitesa hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Binamu zangu walitumwa maji, walikaripiwa, walichapwa wakivunja kitu. Mimi nikivunja kikombe, aliokota vipande kimya, jioni akanipakulia sombe, yale majani ya muhogo, nyingi kuliko wanawe, huku akiyatupia mawe jicho. Binamu wakaniita mugeni. Usinicheke, msomaji: nilitamani kugombezwa. Siku moja nilimwaga uji makusudi kabisa. Akapangusa. Nikalala nikiwa na hakika kwamba hanipendi.

Mwaka jana, kwenye arusi, mhubiri aliwapa bwana na bibi arusi neno la Mispa kama baraka tamu. Nikarudi nyumbani nikafungua Mwanzo, nisome mwenyewe. Kumbe Labani haagi kwa upendo! Hamwamini Yakobo, anamwonya: ukiwatesa binti zangu, hata pasipo mtu wa kuona, Mungu anaona. Sikubadili hata kitenge cha arusi. Nikaenda Mususa.

Mawe bado yapo. Shangazi, sasa mzee wa magoti mabovu, alikuwa ameketi kando yake akichambua maharage. Nikamuuliza yalikuwa ya nani.

"Ile majiwe hapana yako," akasema. "Mama yako aliniwekea miye. Hatukusikilizana tangu ndoa yake. Donc, basi, nilikuogopa, Masika. Hata kukutuma maji niliogopa, Mungu asiseme ninakutesa."

Mama alinilinda sana, hata mkono wa kunishika kichwa ukaogopa kunifikia. Wanawake wawili walinihangaikia, nami nilikua nikiamini sina mtu.

Shangazi aliyatazama mawe, kisha akanitazama mimi.

"Na weye unakaa tu? Bidoni iko tupu. Simama, uende kwa maji!"

Nikaibeba ile bidoni ya njano, nikiwa bado na kitenge changu cha arusi, machozi yakinitiririka. Nyuma yangu jirani aliuliza huyo ni nani.

"Mutoto wangu," shangazi akajibu kwa sauti, nisikie. "Muvivu sana."