Gauni Lililochovywa Chai

Bi Léontine Chabrillac alikuwa mtu wa kuudhi, na niliseme hilo mapema, mtu asije akadhani namsifu kwa kuwa ameshakufa. Miaka ishirini na sita nilipeleka barua upande wake wa mto hapa Aubusson, na kila siku alinikagua sare kabla hajapokea bahasha. Koti limepauka mabegani, kola imefuliwa kwa maji ya moto, nani alinifundisha kufua? Maisha yake yote alitia rangi nyuzi za mazulia ya ukutani, na miaka kumi baada ya kustaafu kucha zake zilikuwa bado za bluu.

Lakini alitaka akumbukwe kwa kazi moja tu. Mwaka 1969 watu wa sinema walikuja kwenye kasri la juu ya bonde kupiga filamu ya hadithi za kale, ya kuimba mwanzo hadi mwisho. Binti mfalme aliyegeuzwa bata anarudia umbo lake, anatoka kisimani kwenye theluji akiwa amevaa gauni jeupe, anaimba, na mchumba wake anapiga magoti. Weupe wa gauni lile ulikuwa kazi ya Bi Léontine. Siku nane alilichemsha, akalisuuza, akalianika, akalichemsha tena. Alisema hajapata kuona weupe kama ule, nami namwamini.

Fundi wa taa alikuwa kijana wa hapa hapa, Anselme Vergnaud, na mji mzima ulijua kwamba yeye na Bi Léontine wangeoana. Asubuhi ya tukio la kisima, Anselme alilitazama gauni akasema, mbele ya mwongozaji na waigizaji wote, kwamba halifai. Chini ya taa zake weupe ule ungewaka mno, na kwenye filamu pangeonekana waa tu, halina mikunjo wala kiuno. Likachovywe chai kwanza. Mwongozaji akakubali. Bi Léontine alilichovya mwenyewe kwenye beseni huku analia, na filamu ilipooneshwa, gauni lilikuwa jeupe kama maziwa. Watu walipiga makofi ukumbi mzima.

Hakumsemesha Anselme tena. Alimwambia mama yangu kwamba mwanamume anayekuaibisha kazini atakuaibisha na nyumbani. Anselme akaenda kuoa huko mjini Guéret, akafiwa na mkewe, akarudi kuishi ng'ambo ya daraja letu. Wakikutana kwa mwoka mikate, yeye alivua kofia, na Bi Léontine aliangalia mikate.

Ikapita miaka arobaini na kitu. Ndipo alipokuja dada mmoja kutoka Paris, mpole, jina lake Bérengère. Karakana yao ilikuwa inaikarabati filamu ile picha kwa picha, ili itolewe kwenye diski watu waitazame majumbani. Nakala za zamani zilikuwa zimechujuka zote, zimekuwa za waridi, hata nyasi. Walitaka kujua rangi za kweli. Bi Léontine aliniita ndani na mkoba wangu wa barua mabegani, niwe shahidi kwamba Paris imekuja kumuuliza yeye.

Akatoa mkebe wa biskuti, na ndani yake kipande cha gauni. Alikikata kwenye pindo baada ya gauni kuchovywa, kwa hiyo kilikuwa na rangi ya chai hafifu. Bérengère aliuliza kama ni uzee wa kitambaa.

"Ndivyo lilivyokuwa siku ya kisima," alijibu, na hapo hakusema uongo. Ila habari ya taa hakuigusa, wala kwa nini lilichovywa. Dada wa watu akauliza kama kuna fundi wa taa yeyote aliyebaki hai. Nilifungua mdomo.

"Wote wamekufa, mwanangu," akasema Bi Léontine.

Nikaufunga. Hilo ni langu, silikwepi. Mgeni alipoondoka nilimuuliza Bi Léontine kwa nini amemuua Mzee Vergnaud, ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimempelekea gazeti. Alinijibu kwamba wakimuuliza yule, watasema uzuri wa gauni ulikuwa wa taa zake.

Diski ilikuja Oktoba, mimi mwenyewe niliileta. Tuliitazama alasiri, nilipomaliza mzunguko wangu. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu, hata Bi Léontine aliimba. Kisha likaja tukio la kisima. Binti mfalme alitoka na gauni la rangi ya chai, na kwa kuwa walifuata kipande kile kupanga rangi zote za tukio, theluji nayo ilikuwa ya manjano, na bata, na meno ya bwana harusi. Kasri zima lilikuwa kama lina ugonjwa wa manjano. Kijitabu kilieleza kwamba weupe uliokumbukwa na watazamaji wa zamani ulikuwa hitilafu ya nakala za kwanza, na kwamba rangi zimerudishwa kwa ushahidi wa Bi Léontine Chabrillac, maana mafundi wa taa wote wamekwisha fariki. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa popote kwa ajili ya filamu ile.

Alilisoma, akakifunika kijitabu. "Nimeliharibu mwenyewe," akasema. Paris walikuwa na mpango wa kutoa diski nyingine majira ya kuchipua, kwa hiyo bado palikuwa na nafasi ya kurekebisha, lakini Anselme peke yake ndiye angeweza kuwaeleza mambo ya taa wakamwelewa. Ilibidi Bi Léontine aende kwake na amuombe radhi. Wiki tatu alizunguka na jambo hilo, mpaka nikamwambia avae kofia yake twende.

Tulimkuta Mzee Vergnaud kwenye kiti, blanketi magotini, kifua kimemchosha. Diski ilikuwa mezani.

"Kaa, Léontine," alisema. "Nimesoma humu kwamba nimekufa. Hawajakosea sana." Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kwamba ameitazama mara nne. "Miaka yote nilijiambia gauni lilitoka jeupe. Kumbe nilijidanganya. Siku hizi wana mashine, mashine haziongopi. Nililichafua gauni lako, na nikakuaibisha mbele za watu kwa bure. Nisamehe, Léontine."

Bi Léontine alikuwa ameshafungua mdomo. Nilimtazama, nikasubiri. Nilimuombea hata, mimi nisiyekanyaga kanisani.

"Nimekusamehe, Anselme," akasema.

Tukirudi, darajani alisimama akaniambia kesho atarudi amweleze yote. Kesho yake mvua ilinyesha, keshokutwa akalalamikia miguu, na Alhamisi Mzee Vergnaud akafariki. Paris hawakuandikiwa barua yoyote, na diski za pili zilitoka na theluji ile ile ya manjano. Mazikoni binti wa marehemu alimshika Bi Léontine mikono yote miwili, akamwambia baba yake aliondoka na moyo mwepesi, kwa sababu alikuwa amesamehewa. Bi Léontine akamwambia asante.