Mkono wa Mama Mkwe Juu ya Upinde

Nakumbuka asubuhi moja kule Itebero, mwanangu, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Kwetu Masisi, milimani, adui wa maharage ni mvua. Kule msituni nilikoolewa nilikuta nguruwe pori. Mume wangu alikuwa amekwenda Hombo kutafuta chumvi ya kuuza, na muhogo wetu ulikuwa unaliwa kila alfajiri. Tungeukosa, tungelala njaa.

Baba mkwe alikuwa mpiga upinde hodari, ila macho yake yalikuwa yamefifia. Nikamtuma mama mkwe aniombee kwa mumewe anifundishe kupiga upinde. Wanawake hawakushika upinde pale, na baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe. Mzee akasema, “Njaa haiulize kama uko mwanaume ao mwanamuke.”

Basi akawa anapanga vidole vya mkewe kwenye upinde, naye mama anakuja kupanga vyangu vilevile. Nami niliukaza kwa hofu, na kamba ikanichapa mkono hadi ukavimba. Mzee alisikia mlio tu, akajua.

“Mama, unaikamata sawa na mupini ya jembe,” akaniambia. “Upinde haikimbie. Ikae kati ya kidole gumba na kiganja, vidole ingine ilegee. Kiwiko uigeuze inje, kamba ipite. Na mukono ya kuvuta ifike ku shavu, kila mara palepale.”

Nilivuta hivyo mpaka mabega yakazoea. Nguruwe waliporudi, mama mkwe alisimama nyuma yangu, akanong'ona nilegeze vidole. Mshale ukampata dume kubwa. Wengine wakakimbia, wala hawakurudi msimu ule. Majirani waliponung'unika kwamba mwanamke ameshika upinde, mzee aliwajibu, “Huyu njo mwenye alituchungia shamba.” Nililia, mwanangu, maana tangu nije pale nilikuwa mgeni.

Mzee na mama mkwe wote wawili wamekwisha kulala usingizi wa mauti. Kila ninaposhukuru chakula, nawataja. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na wakwe, na sikupungukiwa kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, usikaze mkono kwa sababu unaogopa. Hofu hupotosha mshale, na hupotosha nyumba pia. Anayekurekebisha msikilize, hata kama mafunzo yake yanapitia mikononi mwa mtu mwingine. Na ukiona mzee amevunja desturi ili wewe ule, mheshimu maisha yako yote.

Mungu akupe wakwe wenye huruma, shamba lenye kuzaa, na watoto watakaokushukuru ungali hai. Amina.