Mkono wa Kutia Chumvi

Nimechoka na chumvi. Najua ni neno la ajabu kwa mtu anayepika kila siku, lakini ngoja nieleze.

Nilipochezwa unyago kule Ruponda, somo wangu, yule mama aliyenifunda, alinikataza mambo mengi nikiwa kwenye siku zangu. Mawili yalinikaa kichwani. La kwanza, nisitie chumvi kwenye chungu, maana atakayekula atapata kikohozi kisichopona. Nimwite mtoto mdogo anitilie. La pili, nisikimbie wala kuruka, kiuno kitaharibika. Kuhusu kubeba ndoo ya maji kichwani hakusema kitu. Kuinama kutwa nzima kuokota korosho za baba, napo kimya. Kiuno gani hicho kinachoharibika kwa kukimbia tu, mbele ya korosho kinakuwa kizima? Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kule hatukufundishwa kuuliza.

Basi mimi nilikuwa nacheza netiboli, na niseme tu, nilikuwa naijua. Mwaka wa mwisho wa shule ya msingi nilichaguliwa kuingia kambini Nachingwea mjini, walikochujwa wasichana wa kwenda kucheza Lindi. Lindi nilikuwa naisikia tu. Tulilala darasani juu ya mikeka, tulipika kwa zamu, na mchujo ulikuwa siku ya tatu. Siku ya pili asubuhi nikaamka tumbo linanikata.

Nikanyamaza. Mwalimu wetu wa kike alishatuambia kwamba msichana aliye kwenye siku zake hamwingizi uwanjani, akianguka atamwambia nini mzazi wake. Nikakunja kipande cha kanga kuukuu, nikavaa taiti mbili, nikaenda mazoezini nimeuma meno. Mbona hayakuniua. Mwili ulipopata joto maumivu yakapungua, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Balaa lilikuja mchana, zamu yangu ya jikoni. Maharage yameiva, yanangoja chumvi. Nikiitia mwenyewe, nawatia kikohozi wenzangu wote. Nikimwomba mmoja wao, anajua papo hapo, kwani karibu wote tumefundwa vilevile. Nikajiona mjanja. Kulikuwa na msichana wa Marambo, wa zile familia za wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa. Kwao habari hizi za chumvi hazipo. Huyu, nikajisemea, hatashtuka. Nikamwambia kwa sauti ya chini anitilie.

Kweli hakujua. Na kwa kuwa hakujua, akauliza kwa sauti ileile ya kuitia ng'ombe:

"Si hiyo hapo mbele yako? Mkono wako una nini?"

Jiko zima likageuka. Wengine wakacheka, wengine wakanionea huruma, na maharage hayajapakuliwa mwalimu ameshapata habari. Kesho yake nilikaa kwenye benchi nimeshika chupa za maji za wenzangu. Nafasi yangu akapewa yuleyule wa Marambo. Alicheza vizuri, siwezi kusema uongo. Jioni nikamkuta bombani anafua kitambaa chake, wala hajifichi. Akaona ninavyokitazama, akaniambia yeye yuko hivyo tangu juzi, kwani kuna nini? Akaenda Lindi. Mimi nikarudi Ruponda kwenye korosho.

Nikaja kuolewa Ruangwa, niko hapa hadi leo. Ungedhani mtu aliyefanyiwa vile angeachana na mambo ya chumvi. Thubutu. Binti yangu alipofika miaka mitano nikaanza kumwita kila mwezi, njoo umtilie mama chumvi, naye anakuja mbio, anatia, anarudi kucheza. Siku hizohizo nafua, nafagia, napandisha kilima na ndoo, na mgongo unaniuma, na hakuna anayeyaita mazoezi. Kinachonichosha zaidi ni kujificha.

Sasa binti huyo ana miaka kumi na mitatu na anakimbia mita mia nane. Wiki iliyopita, jioni ya kuamkia mchujo wa shule yao, nilikuwa jikoni, mbaazi zimeiva, nami niko kwenye siku zangu. Nikamwita kama kawaida. Safari hii alikuja polepole. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, kopo la chumvi hakuligusa. Likizo iliyopita alishafundwa, kwa hiyo alijua.

"Mama, na mimi pia," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Halafu akaanza kulia. "Usiniambie nisikimbie."

Nilishikwa na hasira ya miaka ishirini. Nikachota chumvi kwa vidole vyangu mwenyewe, nikaitia, nikakoroga. Kisha nikamjazia chupa maji ya uvuguvugu aweke tumboni. Nikamwonyesha pedi inavyokaa, avae taiti ya kubana juu yake, abadilishe kabla ya kwenda uwanjani, apashe mwili joto taratibu, na akisikia kizunguzungu akae chini bila kuona aibu. Maneno ya dakika tano tu. Baba yake alikula mbaazi zile akaomba aongezewe. Tangu siku hiyo namtegea sikio, hajakohoa.

Akakimbia. Walichukuliwa watatu, yeye akawa wa nne. Alirudi nyumbani analia, vumbi hadi kwenye kope, akanieleza jinsi yule wa tatu alivyompita mwishoni kabisa, hatua mbili tu. Nikamkumbatia tukalia wote, na katikati ya kilio kile nikajikuta namwonea wivu mtoto wangu. Yeye alipitwa akikimbia.