Upande wa Ndama

Jumamosi ya kwanza ya likizo, nikiwa darasa la tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimwibia ndama. Mpaka leo nikisikia tu harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, najiona nimechuchumaa zizini kwa bibi, kijijini njia ya kwenda Mtera.

Bibi alikuwa na sheria moja ya kukamua: chuchu mbili za kulia zetu, mbili za kushoto za ndama. Kilikuwa kiangazi, na ng'ombe wetu Mabaka alitoa maziwa kidogo mno. Binamu yangu Neema, aliyenizidi miaka miwili, alisimama akinitazama.

"Mtoto wa mjini," akasema, "unamkamua au unamsalimia?"

Nikaona aibu, maana mimi ni mwepesi wa kuona aibu. Alipoondoka kufuata maji, nikapenyeza mkono chini ya tumbo mpaka upande wa pili. Kibuyu kikajaa. Bibi akanisifu mbele ya wote, nami zile sifa nikazipokea.

Ndama alilia mpaka mchana. Bibi akaenda kupapasa kiwele, akakuta kushoto kumesinyaa. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akaviingiza vidole vyangu mdomoni mwa ndama. Ule ulimi wa kukwaruza ukavivuta kwa nguvu, na hakikutoka kitu. Nikajitetea kwamba nilimbakizia kidogo.

"Si ya kubakizwa, mjukuu wangu," akasema. "Upande ule ni wake."

Nikalia kuliko ndama.

Mwaka huu, kidato cha tatu, mwalimu wa Kiingereza alituambia kwamba half, ile nusu tunayoiandika moja juu mbili chini, ni neno la kale sana, na hapo mwanzo lilimaanisha upande. Hata behalf, kusema kwa niaba ya mtu, asili yake ni kuwa upande wake. Wenzangu waliandika. Mimi nilisikia harufu ya kibuyu. Miaka yote nilidhani nusu ni kile kilichopungua. Kumbe pale pana mtu amesimama, anangoja chake, na bibi alikwisha kunionyesha bila Kiingereza chochote.

Kesho yake baada ya kumwibia ndama, ile Jumapili asubuhi, nilikamua kulia tu. Kibuyu hakikufika hata katikati. Neema akacheka, nikamwacha acheke. Nikamfungua ndama, nikahamia kushoto, nikasimama naye nikimfukuzia nzi mpaka akaachia chuchu mwenyewe.